Shajara ya kuacha kubeti: mimi, mke wangu na kibubu cha aluminiamu

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye leo yuko pale nilipokuwa mimi Desemba 2024, na zaidi kwa yule mwenye mwenza ndani anayetaka kumsaidia ila hajui aanzie wapi. Mimi ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, Mbagala, nina mke na watoto wawili, na nimebeti karibu miaka sita. Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea hapo hapo barazani. Amekubali niandike na kila kipande anakisoma yeye kwanza, palipokuwa na uongo amenirekebisha. Nitaongeza kila hatua ikiisha, na gharama naweka zote, hata zile zinazoniuma.

Jumapili, 5 Januari 2025: hesabu

Nimetoa stetimenti ya simu ya miezi mitatu, Oktoba mpaka Desemba. Mke wangu akachukua kaunta buku la binti yetu wa darasa la tano, akaligeuza nyuma, akachora mstari katikati, kushoto hela iliyoenda na kulia iliyorudi, mimi nasoma yeye anaandika. Tulianza baada ya chai, tukamaliza adhuhuri inaadhiniwa.

Iliyoenda 1,146,000. Iliyorudi 412,000. Imepotea 734,000. Kodi yetu ni laki moja kwa mwezi na tunalipa miezi sita sita, kwa hiyo hiyo ni kodi ya nusu mwaka na chenji inabaki.

Hakupiga kelele. Alirudi juu kwenye mstari mmoja akauwekea kidole, tarehe 14 Desemba, 60,000 kwa mafungu manne, akaniuliza, "Hii si ile Jumamosi mtoto ana homa, ukasema mteja hajakulipa?" Nikasema ndio. Akaweka kalamu chini akaenda jikoni. Kile kidole chake pale kwenye mstari nakiona mpaka sasa hivi naandika.

Jioni nikafanya hesabu ambayo kwa miaka sita sijawahi kuifanya. Chukua mechi moja, ova na anda ya magoli mawili na nusu (yatazidi au hayatazidi), kila upande odi 1.90, yaani ukipatia dau lako linazidishwa kwa 1.90. Ukiweka buku pande zote mbili umetoa 2,000, na lazima upande mmoja utoke, unarudishiwa 1,900. Ile mia ndio ya kampuni, asilimia 5, haijalishi nani kafunga. Sasa ukisuka mkeka wa mechi 12 (tiketi moja, ikikosa mechi moja umepoteza yote), hiyo asilimia 5 inakatwa mara 12, ukizidisha 0.95 mara 12 unapata 0.54, maana yake buku yako ukishaiweka tu thamani yake ni kama 540. Mimi nilikuwa naona mkeka mrefu ndio akili, dau dogo hela kubwa, kumbe ndio unaoliwa zaidi.

Kosa la leo: nimeahidi "naacha kuanzia leo" huku kwenye akaunti ya kubeti nimeacha 23,000 na akaunti yenyewe sijaifunga. Nilijiambia nitazitoa kesho.

Jumatano, 15 Januari: mpango wa kwanza umekufa

Mpango ulikuwa rahisi, mke wangu anakaa na simu kubwa na namba ya siri kaibadilisha yeye, mimi natembea na kitochi. Jioni nikirudi ananikagua mifuko na meseji.

Umedumu siku sita. Kitochi nacho kinabeti, unabonyeza nyota na namba, menyu inakuja, mechi zimepangwa, unaweka dau umemaliza, hata bando hutaki. Zile 23,000 zikaondoka kwanza, halafu nikaongeza 14,500 kwa laini ya pili ambayo mke wangu hakuijua, nilikuwa naichomoa kabla sijafika nyumbani naiweka kwenye boksi la misumari.

Ukweli ni kwamba ule ukaguzi ulinifanya niwe hodari zaidi wa kuficha. Nilikuwa narudi nyumbani nawaza mfuko gani una nini, meseji gani nimefuta, na akinikagua akakosa najisikia nimeshinda. Kumshinda nani sasa, mke wangu? Yeye naye anasema zile siku alikuwa halali vizuri, anasikiliza kama natoka nje usiku. Mwenye tatizo mmoja, wanaokosa usingizi wawili.

Kwa anayetaka kuiga: msianze na ukaguzi. Sisi umetugharimu 37,500 na maneno mengi ya uongo.

Ijumaa, 31 Januari: usiku wa mechi 18

Hii nimeahirisha kuiandika siku mbili.

Jumatano tarehe 29 ilikuwa raundi ya mwisho ya ligi ya mabingwa Ulaya kwenye ule mfumo mpya wa timu 36, mechi 18 zote zinaanza saa tano usiku kwa saa zetu, dakika moja. Kwa mtu wa mikeka usiku kama ule ni kama umemwagiwa pilau mbele yako na njaa ya siku tatu. Mchana nilikuwa nimepokea advansi ya mteja, madirisha manne, hela ya kununulia profaili (fito za aluminiamu) na vioo. Nikasema naweka 10,000 tu. Saa sita usiku nikawa nafukuzia nilichopoteza, nimejifungia chooni na kitochi, na ilipofika saa saba kasoro nilikuwa nimeweka 85,000 ya mteja na hakuna hata mkeka mmoja uliotoka. Mmoja ulichanwa na mechi moja tu kati ya tisa, na huo ndio ulionimaliza, kwa sababu kukosa kwa mechi moja kichwani hakusomeki kama umekosa, kunasomeka kama umekaribia, na ndio ukaongeza.

Mke wangu alikuwa amekaa kitandani taa imewashwa. Sikusubiri aniulize. Nikamwambia yote na kiasi. Akanyamaza muda mrefu halafu akasema, "Baba watoto, mimi nimechoka kukupekua. Mimi sio askari wako. Nikikukagua unanikimbia, nisipokukagua unaangamia, sasa mimi nikae wapi?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake alinipa 85,000 nikanunue vifaa vya mteja, akasema mchezo wa kina mama umemtokea. Nikamshukuru, sikuuliza zaidi.

Jumapili, 9 Februari: mpango wa pili

Tumeanza upya na hii ndio siku ninayohesabia. Tulichofanya:

Tumebonyeza *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA, nimezifunga nilizokuwa sizitumii, ile ya boksi la misumari nimemkabidhi mkononi akaikata kwa mkasi wa kitambaa. Akaunti za kubeti nimepiga huduma kwa wateja zifungwe, moja ilifungwa siku hiyo hiyo, nyingine walinizungusha siku tatu na meseji za ofa bado zinakuja. Tumenunua kibubu cha mbao 7,000, kila siku ya kazi kinaingia 5,000.

Ila kitu kikubwa ni jibu la lile swali lake la akae wapi. Tumekubaliana yeye haniulizi wala hanikagui, ni mimi ninayemwambia, na namwambia *kabla*, sio baada. Nilisoma kuhusu Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ambaye mwaka 1999 aliandika kwamba nia peke yake ni dhaifu, lakini ukipanga mapema "ikitokea hivi, nafanya hivi" unafanya kweli zaidi. Sisi tukaipanga hivi: hamu ikinishika nampa bipu moja. Siongei, nabipu nakata. Yeye ananipigia na tunaongea dakika kumi. Hamu ya kubeti inapanda kama maji ya chai, ila ukiiacha bila kuichochea inashuka yenyewe.

Na maswali yake yote yana siku yake, Ijumaa baada ya isha, nusu saa, kaunta buku mezani. Hapo anauliza chochote na mimi najibu kwa namba.

Jumapili, 23 Februari: bipu zimekufa, kisha zimefufuka

Wiki ya kwanza nilibipu mara mbili tu halafu nikaacha, siku nne nimekaa kimya na hamu inanila. Ijumaa akauliza kwa nini. Nikamwambia ukweli, ukinipigia unanihubiria, unanikumbusha watoto, unanikumbusha ile 85,000, nikikata simu najisikia mbaya kuliko nilivyobipu, na mimi nikijisikia mbaya ndio nabeti. Akalia kidogo. Anasema ilikuwa ni woga, kila bipu yeye anaisikia kama vile nyumba inaungua (neno ni lake, kaniambia niliache).

Tukaongeza sheria: ndani ya zile dakika kumi ni marufuku kutaja kubeti. Anaongea kitu kingine chochote. Siku nyingine kanielezea gauni zima la bibi harusi, mikono ya lesi, jinsi mteja alivyobadilisha mawazo mara tatu. Nikiwa nyumbani ananiita, "njoo unishikie hiki kitambaa," nashika upande wa pili anakata, mkasi unakuja taratibu kwenye mstari wa chaki mpaka unafika kwenye vidole vyangu, na nikiachia ile hamu imeshapungua.

Tangu tubadilishe nimebipu mara 23 kwa siku tisa. Naziandika siku na saa, na hapa ndio nimegundua nilikuwa nimekosea adui. Nilidhani tatizo ni mpira. Mara 14 kati ya 23 ni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, siku nimelipwa, natoka karakana Zakhem naelekea nyumbani na hela mkononi. Jumamosi ya ligi ya Uingereza mfukoni sina kitu nilibipu mara moja tu. Kinachoniwasha ni hela mbichi mfukoni, mpira unakuja nyuma yake.

Marekebisho: advansi ya vifaa mteja analipa moja kwa moja duka la aluminiamu, mimi napokea ufundi tu. Nimepoteza cha juu nilichokuwa napata kwenye vifaa, ambacho kwa kazi moja ni kama 25,000, na wateja wawili wameshangaa, ila hakuna tena hela ya mtu kwenye mfuko wangu usiku. Njia nayo nimebadili, sipiti tena kule kwenye mabanda ya kubeti. Bando la dakika la mke wangu ni 2,000 kwa wiki.

Ijumaa, 7 Machi: mke wangu naye alikuwa na lake

Tumeingia Ramadhani. Baada ya kufuturu watoto wametoka nje, kaunta buku liko mezani, mimi nimesoma namba zangu za wiki, bipu nane, hela iliyopotea sifuri. Nikatarajia atafurahi. Akasema, "Na mimi nina namba zangu."

Kodi ya Januari mimi nilitoa 300,000, nusu nyingine alitoa yeye akasema mchezo. Haikuwa mchezo. Alikopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, 300,000, unarudisha 390,000 kwa siku 30, 13,000 kila siku hata kama hujauza. Akaumaliza huo mwisho wa Januari kwa cherehani. Halafu tarehe 30, ile asubuhi baada ya mechi 18, akaenda kuchukua mwingine kama huo huo, na 85,000 yangu ya vifaa ilitoka humo, nyingine zikaenda shule na dukani tulikokuwa tunadaiwa. Huo wa pili amechelewa, zimebaki siku 11, 143,000, na wale watu wameanza kuja barazani kukaa kwenye benchi la wateja bila kusema kitu.

Nakiri nilichemka. Nikasema kwa nini hukuniambia, na neno likiwa bado mdomoni nikasikia lilivyo, maana hilo ndio lile lile yeye alikuwa na haki ya kuniuliza mimi miaka sita. Nikachukua kalamu nikaandika upande wa kushoto wa Januari, riba 90,000 mara mbili, 180,000, chini ya jina langu sio lake. Tabia yake ilikuwa ni kuziba. Kila nikitoboa shimo yeye anaziba kimya kimya, mpaka na mimi nikawa sijui shimo lina ukubwa gani.

Kwa hiyo shajara hii sasa ni ya watu wawili. Sheria ya bipu inafanya kazi pande zote, akitaka kwenda kukopa ananibipu yeye. Tumeuza televisheni ya inchi 32 kwa 170,000 (tuliinunua 320,000), tumelipa 143,000 yote kwa mkupuo, 27,000 imenunua unga, sukari na tende. Watoto wamenuna na wana haki.

Jumapili, 6 Aprili: kuteleza mara mbili na kosa la kuhesabu

Ramadhani ilinidanganya. Mchana hamu haikuwepo kabisa nikadhani imekwisha. Tarehe 22 Machi baada ya tarawehe, vijana wamekaa kibarazani wanacheza kile kindege kinachopaa kwenye simu unatakiwa utoe hela kabla hakijapotea, mechi haisubiriwi, kila baada ya sekunde kadhaa kinaanza upya. Nikarudi ndani, nikachokonoa kibubu kwa kipande cha msumeno wa chuma, nikatoa 3,000, nikampa mmoja aniwekee. Dakika nne zimekwisha. Sikubipu.

Na kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko 3,000. Tulikuwa tunahesabu siku mfululizo, nilikuwa nimefika 41, tumeziandika ukutani kwa chaki ya cherehani. Nikifuta inarudi sifuri. Wiki nzima nikawa na moyo wa "nimeshaharibu", na tarehe 4 Aprili nikaingiza sarafu kumi za mia mbili kwenye dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu, 2,000, nikiwaza hata hivyo namba ni ndogo, haina uchungu.

Mke wangu ndiye aliyeona kwamba lile hesabu ndilo linaloniangusha. Mimi nikakumbuka utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL London, waliofuatilia watu 96 wakijenga tabia mpya, wastani ukawa siku 66 lakini kuna wa siku 18 na wa kukadiriwa siku 254, na kuruka siku moja hakukuharibu safari. Wao walipima tabia nzuri kama kunywa maji, sio kuacha kamari, ila kile cha kuruka siku moja tumekichukua. Tumefuta ukuta. Sasa tunaandika siku safi juu ya siku zote: 55 kati ya 57. Ukiteleza inakuwa 55 kati ya 58, hairudi sifuri, na kesho yake inapanda tena.

Kibubu cha mbao nimekivunja mwenyewe. Nimetengeneza kingine kwa vipande vya profaili vilivyobaki karakana, pande zote nimepiga ribiti, tundu la juu linapitisha noti iliyokunjwa na halitoi. Ribiti na kazi 3,500. Kukifungua mpaka dirili, na dirili inalala karakana.

Kitu kimoja cha kuwaambia wanaofuatilia: Shirika la Afya Duniani limeuweka ulevi wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022. Mimi ilinisaidia kujua sio upungufu wa akili wala imani. Kama wewe umefika pa kuuza vitu vya watu au kutaka kujidhuru, bipu ya mke haitoshi, nenda hospitali ya rufaa kwenye kitengo cha afya ya akili, mwenza wako aende nawe.

Jumapili, 18 Mei: mahesabu ya kati

Siku safi 97 kati ya 99. Bipu zimeshuka, wiki hii tatu zangu na moja yake.

Tangu Januari kubeti kumenila 127,500 ukijumlisha na zile 23,000 za mwanzo, na 85,000 humo ni usiku mmoja. Riba 180,000. Televisheni hasara 150,000. Cha juu nilichokikosa kazi sita, kama 150,000. Vibubu 10,500, dakika za simu 28,000. Kuacha nako kunakula hela, na mtu asikudanganye kwamba siku ukiacha mfuko unajaa. Kibubu kwa mujibu wa daftari kina 411,000. Kodi ni 600,000, imebaki 189,000.

Kitu ambacho hakina safu kwenye daftari: juzi umeme ulikatika, nikaingia ndani nikamkuta mke wangu amelala saa tatu usiku, usingizi mzito, mdomo wazi, mkono bado una chaki. Januari alikuwa hawezi.

Jumapili, 1 Juni: fainali

Jana ilikuwa fainali ya ulaya, Munich, Paris na Inter, saa nne usiku. Nilitaka kukaa ndani, mke wangu akasema utajifungia mpaka lini, tukaenda wote kwa shemeji Kongowe. Watu kama kumi na tano sebuleni. Mpira unaanza jamaa mmoja akanyoosha simu, "shemeji, weka hata buku, timu zote kufunga, hii ni ya bure." Na kichwani mwangu ilikuwa tayari, timu zote kufunga, nimeshaihesabu na odi yake.

Mke wangu amekaa na wanawake upande wa pili, hatua tatu kutoka kwangu. Nikabipu. Simu ikatetema mapajani kwake, hakuniangalia usoni, akainuka akasema, "Baba watoto, nisindikize dukani nikachukue karanga." Tukatembea mpaka duka la mbali, akanieleza habari ya mteja anayetaka shela irefushwe, tukarudi taratibu. Tunaingia Paris wameshapata mawili. Wakamaliza tano bila.

Siku safi 111 kati ya 113. Kodi inaisha tarehe 30. Jumamosi ya tarehe 28 nitakuja na dirili nyumbani tufungue kibubu, na nitaandika tulichokuta.